Mpira wa Kikapu: Je, Kijana Hukua Akiwa Benchi?



Kila tunapokutana shuleni, hotuba zikiisha na pilau ikiwa bado jikoni, wazee wa shule hujikuta wamesogea kwenye kile kiwanja cha saruji nyuma ya bwalo. Safari iliyopita tulikuta vijana wetu wanacheza na jirani zao. Mwalimu aliwachezesha wale wale watano tangu mwanzo mpaka filimbi ya mwisho. Vijana saba walikaa benchi wakiwa wamevaa jezi safi, mmoja wao mvulana wa kidato cha pili ambaye tayari anawapita walimu wote kwa urefu. Tulishinda kwa pointi mbili, na mabishano yakaanza hapo hapo.

Baadhi yetu walisema mwalimu amefanya kazi yake, kwani mashindano ni mashindano. Wengine, nami nikiwa miongoni mwao, tulisema yule kijana mrefu hatajifunza mchezo kwa kuwashikia wenzake maji. Mzee mmoja aliyemaliza miaka mingi kabla yangu akaniuliza: "Na mkimwingiza mkafungwa, nani atabeba lawama?" Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta katika historia ya mchezo wenyewe, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alikabidhiwa darasa la vijana watu wazima waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani wakati wa baridi kali. Aliandika kanuni 13, akapigilia vikapu viwili vya kubebea mapichi kwenye ukingo wa roshani, akawagawa wanafunzi wake mafungu mawili. Darasa lilikuwa na wanafunzi 18, kwa hiyo kila upande ulikuwa na wachezaji tisa. Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo vizuri: tisa na tisa ni kumi na nane. Siku mchezo ulipozaliwa hapakuwa na mtu benchi, maana shabaha ya Naismith ilikuwa kulitoa jasho darasa zima.

Benchi lilikuja baadaye. Kabla ya karne ya 19 kwisha idadi ya watano kila upande ilikuwa imekubalika, na yakaanza mashindano, vikombe na viingilio. Kwa muda mrefu kanuni zilimbana mwalimu asitoe na kuingiza wachezaji atakavyo. Huko Marekani ruhusa ya kubadilisha bila kikomo ilikuja miaka ya 1940. Kwa hiyo desturi ya kuwategemea watano na kuwasahau wengine ina mizizi katika kanuni za zamani ambazo zimekwisha kufutwa. Kanuni zimebadilika, lakini walimu wengi bado wanafundisha kama kwamba zipo.

Mchezo huo ulisambazwa duniani na mashirika yale yale ya vijana na ya dini, na shule zake. Sisi wa Moshi hatuna haja ya kwenda mbali kuuona mkono huo. Jengo la YMCA pale mjini, lenye hosteli na bwawa la kuogelea, wengi wetu tunalijua vizuri kuliko tulivyopaswa, kwa kuwa tulikuwa tukipita hapo siku za ruhusa badala ya kwenda moja kwa moja kununua sabuni.

Shule za bweni za mlimani zilikuwa na mambo mawili yaliyoufaa mchezo huu. La kwanza ni kwamba kiwanja chake ni kidogo. Uwanja wa mpira wa miguu mahali kama Kibosho au Marangu ni kazi ya kukata mlima. Kiwanja cha kikapu kinataka mita 28 kwa 15 tu, ingawa hata hizo, kwenye mteremko, ni migomba na mibuni ya mtu. La pili ni kwamba wanafunzi walikuwepo jioni. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizitwaa shule za mashirika ya dini, wanafunzi wakawa wanapangwa kutoka kila mkoa, na bwenini ungeweza kulala kati ya mtu wa Bukoba na mtu wa Mtwara. Elimu ya Kujitegemea ilitupeleka shambani na kwenye banda la nguruwe, hilo halikwepeki, lakini kati ya jembe na maandalio ya usiku palibaki saa moja na nusu, nayo ilikuwa ya kiwanja.

Hapo ndipo hesabu yangu inapoanzia. Mechi ya kanuni za kimataifa ina dakika 40. Wanaocheza kwa wakati mmoja ni watano, kwa hiyo mwalimu ana dakika 200 za kugawa. Akiwa na wachezaji 12 na kuzigawa sawasawa, kila mmoja atapata dakika 16 na sekunde 40. Hizo ni chache mno, na atakayesema zitamfanya kijana kuwa mchezaji anajidanganya. Tuitazame sasa jioni moja ya siku ya kawaida: dakika 90, wachezaji kumi kiwanjani, jumla dakika 900. Jioni moja tu ina dakika nyingi mara nne na nusu kuliko mechi, na hakuna kikombe kinachogombewa.

Jioni hizo tulicheza kwa utaratibu wa anayefungwa atoke. Timu iliyoshinda hubaki, nyingine huingia. Wadogo wa kidato cha kwanza tulisubiri ukingoni mpaka wakubwa wachoke au waitwe na mwalimu wa zamu, ndipo tunapata dakika kumi za giza giza. Nakumbuka mara ya kwanza nilipoingizwa na wakubwa: nilipokonywa mpira mara tatu mfululizo, na kiranja wa michezo akanirudisha ukingoni kwa ishara ya kidole tu. Kesho yake nilikuwa pale pale. Hakuna aliyekumbuka makosa yangu kwa sababu hayakuandikwa popote.

Pamoja na hayo yalikuwepo mashindano ya mabweni. Shule yenye mabweni manne, kila bweni likitoa wachezaji 12, inawapa vijana 48 nafasi ya kuvaa jezi. Juu yake ndipo timu ya shule, kisha wilaya, mkoa, na mashindano ya taifa ya UMISSETA. Ngazi hiyo ilikuwa pana chini na nyembamba juu. Hata aliyekosa timu ya shule alikuwa amekwisha kucheza vya kutosha kujua kama anauweza mchezo au la.

Sehemu ya chini ya ngazi hiyo ndiyo iliyooza. Kuanzia miaka ya 1980 wazazi na makanisa ya Kilimanjaro walijenga shule nyingi za sekondari vijijini, jambo la kujivunia, na baada ya 2004 zikaja shule za kata. Nyingi ni za kutwa. Mwanafunzi wa kutwa ana mteremko wa kushuka na mwingine wa kupanda kabla jua halijazama, na kuna majani ya ng'ombe yanamsubiri nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mashindano ya UMISSETA na yale ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Kwa hiyo mwalimu wa leo anapowapanga watano wake, mara nyingi hana jioni za kuwakuza wale saba. Dakika za mechi ndizo pekee alizonazo, ndiyo maana ugomvi juu yake umekuwa mkali kuliko zamani.

Sasa nimgeukie Mtanzania ambaye habari zake zinafundisha kuliko nadharia yoyote. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, akasoma Makongo, kisha akaenda Marekani na kumalizia sekondari katika shule moja ya Kikristo huko Cypress, karibu na Houston, Texas. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun.

Tuangalie alifika katika hali gani. Mwaka huo huo wachezaji watano wa Connecticut, akiwemo Rudy Gay, walichaguliwa na timu za NBA. Chuo kilibaki na watoto. Thabeet, mwenye miaka michache tu ya mchezo miguuni, alichezeshwa takriban dakika 24 kila mechi katika mwaka wake wa kwanza. Matokeo yalikuwa kushinda mechi 17 na kufungwa 14, na chuo hicho chenye jina kubwa hakikuingia katika mashindano ya taifa ya vyuo. Washabiki walinuna. Lakini kocha aliendelea kumchezesha. Msimu wa 2008-09 Thabeet alifunga wastani wa pointi 13.6, akanyaka mipira 10.8 inayorudi ubaoni na kuzuia mitupo 4.2 kwa kila mechi. Timu ilifika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State pale Detroit.

Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua akiwa wa pili katika uchaguzi wote wa NBA. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin, wa tatu James Harden, na Stephen Curry alikuwa wa saba. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko, na Watanzania wengi ambao hawakuwahi kushika mpira wa kikapu walikesha kumtazama.

Kilichofuata tunakijua. Msimu wa kwanza alicheza mechi 68 kwa wastani wa dakika 13, akifunga pointi 3.1. Februari 2010 alipelekwa timu ya ligi ya chini, Dakota Wizards, na hakuna aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Msimu wa pili dakika zake zilishuka hadi kama nane. Februari 2011 alibadilishwa kwenda Houston, ambako hakuonekana uwanjani ila mara chache sana. Baadaye alikwenda Portland, kisha Oklahoma City, na baada ya 2014 hakurudi tena katika ligi hiyo. Alicheza jumla ya mechi 224 za NBA, kisha akaendelea na mchezo Japani na Taiwan.

Katika vijiwe vyetu hukumu hutolewa haraka: walimnyima dakika, ndiyo maana hakukua. Mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Lakini ukimtazama aliyekuwa na dakika hizo, unalazimika kufikiri upya. Nafasi ya kati pale Memphis ilikuwa ya Mhispania Marc Gasol. Huyu alichaguliwa mwaka 2007 akiwa wa 48, nafasi ambayo wengi wanaochaguliwa husahaulika. Alikuwa ametokea klabu kubwa ya Barcelona, na kwa kuwa pale hakupata nafasi ya kutosha, mwaka 2006 alihamia Girona, klabu ndogo zaidi, acheze. Akacheza hasa, na mwaka 2008 akatajwa mchezaji bora wa ligi ya Hispania. Alipokutana na Thabeet mazoezini alikuwa na miaka ya mechi za watu wazima nyuma yake. Msimu ule wa 2009-10 alichezeshwa zaidi ya dakika 35 kila mechi, na mwaka 2013 akatajwa mlinzi bora wa NBA. Ningekuwa mimi kocha wa Memphis, nakiri, ningempanga Gasol.

Basi dakika zilizomponza Thabeet zilipungua zamani kidogo, kabla hajajulikana kwa mtu yeyote. Kati ya umri wa miaka minane na kumi na minne, wakati watoto wengine walikuwa wakikosea viwanjani mwao bila kuandikwa na gazeti, yeye hakuwa na kiwanja. Connecticut walimlipia deni hilo kwa miaka mitatu, na kwa gharama ya msimu mmoja mbovu. Memphis hawakuwa tayari kulipa zaidi. Mwaka 2011, baada ya kumtoa, waliitoa San Antonio iliyokuwa ya kwanza upande wa magharibi, na mmoja wa waliowasaidia alikuwa Shane Battier, yule yule waliyempata kwa kubadilishana na Thabeet. Nani atamwambia kocha wa namna hiyo kwamba alikosea?

Mtu anaweza kunijibu kwamba Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza akiwa na miaka kama 15, na akawa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huu. Ni kweli, na mfano wake unasaidia hoja yangu. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980 alikaa msimu mzima bila kucheza mechi. Msimu uliofuata alipata dakika kama 18 tu. Lakini katika likizo za kiangazi alikwenda kwenye ukumbi wa mtaani wa Fonde, mjini Houston, akicheza na Moses Malone, aliyekuwa wakati huo mchezaji bora wa NBA. Huko hapakuwa na mwandishi wa magoli wala mshabiki wa kuzomea. Malone alimsukuma, akamwangusha, akamfunga, na siku iliyofuata Olajuwon akarudi. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza. Kiwanja cha Fonde kilikuwa kwake kile ambacho zile jioni zetu zilikuwa kwetu, ingawa sisi hatukuwa na Malone, tulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha sita mwenye viwiko vikali.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi nasi, nao ni wa Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville. Alichaguliwa mwaka 2008, wa 24. Badala ya kwenda Marekani mara moja kukaa benchi, alibaki Hispania msimu mmoja akicheza Manresa. Alipokwenda Oklahoma City mwaka 2009 alikuwa tayari kwa kazi, na katika misimu ya 2011-12 na 2012-13 aliongoza NBA nzima kwa kuzuia mitupo. Katika msimu wa pili kati ya hiyo, mmoja wa wenzake waliokaa benchi alikuwa Thabeet.

Sitaki nieleweke kwamba kila mtoto achezeshwe mpaka aanguke. Magoti ya mtoto anayerefuka si ya kuchezea. Mwaka 2016 NBA pamoja na chama cha mpira wa kikapu cha Marekani walitoa mwongozo wa vijana, wakapendekeza idadi ya mechi kwa wiki ipunguzwe, watoto wadogo wagawane muda sawasawa, na kocha apate uhuru zaidi wa kuchagua kadiri umri unavyopanda. Tena mtoto asijifunge katika mchezo mmoja tu kabla ya miaka 14. Tazama mpangilio huo: usawa uko chini, ushindani uko juu. Sisi tumegeuza. Chini hatuna kitu, halafu tunataka usawa katika fainali.

Kwa hiyo sasa nasema yule mwalimu hakukosea siku ile kwa kuwapanga watano wake katika dakika za mwisho. Kosa, na ni letu sote, ni kwamba yule kijana mrefu wa kidato cha pili hakuwa na mahali pengine pa kucheza juma zima kabla ya mechi ile. Timu ya pili ya shule haijacheza na timu ya pili ya shule nyingine kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuniambia. Mashindano ya mabweni yamebaki ya mpira wa miguu peke yake. Ringi moja ya kiwanja chetu imepinda na haina wavu, kwa hiyo jioni wanaotaka kucheza hubanana upande mmoja, na mnajua wenyewe ni nani hufukuzwa kwanza panapobanana.

Mzee wangu aliuliza nani atabeba lawama. Connecticut ilibebwa na Calhoun, ambaye alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mara mbili, 1999 na 2004, na hakuna ambaye angemfukuza kwa msimu mmoja mbaya. Mwalimu wetu wa michezo hana ngao ya namna hiyo. Ana mkuu wa shule, ana wazazi, na ana sisi wazee wa shule tunaokuja mara moja kwa mwaka na kuuliza kitu kimoja tu: mlishinda?

Nimemwandikia mwalimu huyo barua. Nimeeleza kwamba katika mechi zote za kirafiki za muhula ujao, robo ya pili ichezwe na vijana wa kidato cha kwanza na cha pili peke yao, na kwamba tukifungwa kwa sababu hiyo wazee wa shule tutasimama upande wake mbele ya mkuu wa shule. Nimeahidi pia ringi mpya na nyavu mbili. Barua iko kwa katibu wa chama chetu, chini yake nimeacha nafasi ya sahihi thelathini. Hadi ninapoandika haya zimekwisha kutiwa sahihi sita, na ya nne ni ya yule mzee aliyeniuliza.